Kutia rangi seli iliyo hai: Hoechst au SiR-DNA, TMRM au MitoTracker?

Seli ya HeLa, aina ya seli za saratani ya binadamu zinazooteshwa maabara, inapokaribia kugawanyika hujikusanya, ikaachana na kioo ilikokuwa imejitandaza kama chapati, ikawa duara, na kuanzia hapo hadi zionekane seli mbili changa hupita saa moja hivi. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa gizani mbele ya hadubini nikiisubiri saa hiyo ipite, viini vikiwa vimetiwa rangi ya DNA iitwayo Hoechst na kamera ikipiga picha kila baada ya dakika mbili kwa mwanga wa urujuanimno. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na kromosomu zilizokuwa zimejipanga mstari katikati ya seli hazikusogea. Seli nyingine zilizokuwa zimeanza kujikusanya zilighairi, zikajitandaza upya kana kwamba hazikuwa na safari. Sahani ile ilikuwa na dawa tuliyokuwa tukiijaribu, nasi tukaipa dawa sifa ya kuzuia mgawanyiko. Wiki iliyofuata sahani isiyo na dawa, yenye rangi ileile na iliyopigwa picha kwa mtindo uleule, ilikwama vilevile, ilhali sahani ya tatu, yenye rangi lakini iliyokaa gizani usiku kucha, asubuhi ilikutwa imejaa seli changa. Tulichokuwa tumekipima wiki nzima ni taa pamoja na rangi.

Ninaanza na kosa hilo kwa sababu orodha nyingi za rangi za kutazamia seli hai hupangwa kwa wingi wa mng'ao na kwa mwonekano wake, kijani huku na nyekundu kule, mithili ya vitambaa dukani, wakati mambo yanayopaswa kuamua uchaguzi yamefichika zaidi. Rangi ya kuonyeshea ndani ya seli hai haipakwi juu kama chokaa ya ukutani; huingia yenyewe kwa sababu ya kemia fulani. Moja huipenda DNA, nyingine huvutwa na chaji hasi, nyingine hunaswa penye asidi. Sifa hiyohiyo inayoifikisha mahali pake ndiyo inayomsumbua mwenyeji wake, na hakuna rangi iliyosamehewa sheria hiyo. Anayechagua basi anahitaji kujua inashikwa na nini, inaamshwa na mwanga wa aina gani, na seli inatakiwa iendelee kuishi kwa muda gani baada ya kutiwa rangi. Hili la mwisho ndilo ninalolipa uzito kuliko yote, na ndilo linalosahauliwa.

Kwa aliye mgeni wa jambo hili, msingi wake ni mwepesi. Molekuli ya rangi hupokea mwanga wa wimbi fupi, hupoteza sehemu ya nishati, kisha hutoa mwanga wa wimbi refu zaidi. George Gabriel Stokes aliieleza tabia hiyo mwaka 1852. Kwa kuwa mwanga unaoingia na unaotoka hutofautiana, chujio huzuia ule wa kwanza na kuruhusu wa pili, na kitu kinachong'aa huonekana juu ya giza. Hata hivyo si kila nishati iliyopokelewa hurudi kama mwanga. Nyingine huangukia oksijeni iliyo karibu, ikaigeuza kuwa kali, na oksijeni hiyo hushambulia chochote kilicho jirani, iwe DNA, utando au rangi yenyewe. Ndiyo maana rangi hufifia kadiri inavyomulikwa, na ndiyo maana seli hufa.

Kiini: Hoechst 33342 na SiR-DNA

Hoechst 33342 ina jina la kampuni ya Kijerumani ilikotoka, na tarakimu zake ni namba ya uorodheshaji tu. Hujipachika katika mfereji mwembamba wa DNA, hasa penye msongamano wa jozi za A na T, mbili kati ya herufi nne za DNA, na ikishajipachika mng'ao wake hupanda mara 30 hivi, kiasi kwamba mtu anaweza kupiga picha bila kuosha sahani. Huamshwa vizuri na mwanga wa nanomita 350 na kutoa bluu ya nanomita 460 hivi. Leza ya nanomita 405, iliyopo katika hadubini nyingi za leza, huiamsha pia, ingawa kwa unyonge. Kwa picha moja, kiwango cha kawaida ni maikrogramu 1 hadi 5 kwa mililita kwa muda wa dakika 10 hadi 30. Kwa mfululizo wa picha za saa nyingi kiwango hicho ni kikubwa mno, na ninashauri kianzie sehemu ya kumi yake au chini zaidi. Akiba yake iyeyushwe kwa maji safi na si kwa chumvichumvi zenye fosfeti nyingi, kwa kuwa humo huganda na kuacha vipunje vinavyong'aa ambavyo mwanafunzi mgeni huvihesabu kama viini.

Wengi huuliza kwa nini wasitumie DAPI, rangi nyingine ya DNA, ambayo mwanga wake ni karibu uleule na ambayo ipo katika friji ya kila maabara. Jibu ni kwamba DAPI hupenya utando wa seli hai kwa shida, kwa hiyo inafaa zaidi kwa seli zilizokazwa kwa fomalini, yaani zilizouawa na kugandishwa jinsi zilivyokuwa. Historia yake, hata hivyo, inatuhusu. Ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 katika maabara ya Otto Dann nchini Ujerumani, wakati wa kutafuta dawa za magonjwa yanayoletwa na tripanosoma, ndiyo malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe, ambayo mbung'o wameyasambaza kwa vizazi katika mapori yetu. Haikufaulu kama dawa. Leo inatumika kumtazama tripanosoma yuleyule, kwa kuwa ndani yake huonyesha nukta mbili: kiini, na pembeni kinukta kidogo kikali cha kinetoplasti, ambacho ni DNA ya mitokondria yake ya pekee, kiungo cha kuzalisha nishati ya seli. Kwa kuhesabu nukta hizo mtaalamu hujua kimelea kimefika hatua gani ya kugawanyika. Historia hiyo ina onyo pia: kitu kilichotafutwa kiue kimelea kwa kushika DNA yake hakitarajiwi kuwa mgeni mpole ndani ya seli yoyote.

SiR-DNA ni ya juzi. Ilitangazwa mwaka 2015 na kundi la Kai Johnsson la Lausanne, Uswisi, nayo ni kichwa cha Hoechst kilichounganishwa na rhodamini, jamii ya rangi zinazong'aa, yenye atomi ya silikoni. Ikiwa huru majini hujikunja na kupoteza rangi. Ikishika DNA hujikunjua na kuanza kung'aa. Huamshwa na mwanga wa nanomita 652 na kutoa wa nanomita 674, katika nyekundu ya mbali. Faida yake hapa ni kubwa. Chembe moja ya mwanga wa nanomita 350 hubeba nishati karibu mara mbili ya ile ya nanomita 650, na molekuli za seli zenyewe, zile ambazo hatukuzitia sisi, hunyonya sana mwanga wa urujuanimno na kidogo sana mwanga mwekundu. Seli inayomulikwa kwa nyekundu ya mbali huvumilia picha nyingi zaidi, na nyuma ya picha kunabaki giza safi.

Hasara zake hazisemwi sana na wauzaji. Ya kwanza ni ya ncha ya picha: kwa lenzi ya mafuta yenye uwezo wa kukusanya mwanga wa 1.4, kikomo cha kutenganisha nukta mbili ni nanomita 165 hivi kwa mwanga wa bluu wa Hoechst, lakini hufika nanomita 240 kwa SiR-DNA. Anayetaka kuona umbo la kromosomu moja moja atauona upungufu huo. Ya pili ni ya vifaa. Jicho la binadamu karibu halioni mwanga wa nanomita 674, kwa hiyo anayezoea kutafuta seli kwa kuchungulia kwenye lenzi ya macho ataona giza na kudhani rangi haikuingia. Anahitaji kamera inayohisi vizuri mwanga huo na taa au leza ya nanomita 640 hivi, ambayo hadubini za zamani zenye taa ya zebaki hazina. Ya tatu ni kwamba seli nyingi, hasa za saratani, zina pampu za kutoa sumu nje, nazo huitoa SiR-DNA kwa bidii. Huongezewa verapamil ili kuzizuia pampu hizo. Verapamil, kama mfamasia yeyote atakavyokueleza, ni dawa ya moyo na shinikizo la damu inayofunga njia za kalisi, kwa hiyo anayechunguza seli za moyo au za neva asiitumie kabisa.

Hasara ya nne ndiyo iliyonishangaza nilipokutana nayo. Kichwa cha SiR-DNA bado ni Hoechst, na kushika DNA ni kushika DNA hata taa ikiwa nyekundu. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba rangi hii huzindua kengele za seli za kuharibika kwa DNA na kuzikwamisha seli kabla ya kuingia katika mgawanyiko, kwa viwango vilivyo chini sana ya maikromola 1 (kipimo cha wingi wa molekuli katika lita; nanomola ni sehemu yake ya elfu), kiwango ambacho watu wengi walikitumia bila wasiwasi. Kwa hiyo mwanga mpole haukuondoa tatizo zima. Uliondoa nusu yake.

Uamuzi wangu kati ya hizi mbili ni huu. Kazi ikiwa ni ya dakika chache, kama kuhesabu viini, kujua seli zipo wapi, au kupiga picha moja kisha sahani kutupwa, Hoechst inatosha, tena kwa bei ndogo na kwa hadubini ya kawaida. Kazi ikiwa ni filamu ya saa 12 au 24 ambamo seli zinatarajiwa kugawanyika, ninachukua SiR-DNA kwa kiwango cha chini kabisa kinachoonekana, nikianzia nanomola 100, na ninaitazama kwa mashaka. Hoechst katika filamu ya namna hiyo ninaikubali tu pale ambapo kiwango ni kidogo sana, mwanga ni wa nanomita 405 wala si wa taa ya zebaki, na picha zinaachana kwa dakika kumi au zaidi.

Kuna uwanja mmoja ambapo Hoechst haina mpinzani, nao uko karibu nasi: kimelea cha malaria. Chembe nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini, hivyo katika damu ya kuoteshea vimelea maabara, iliyoondolewa chembe nyeupe, DNA inayoonekana ni ya kimelea. Isitoshe, DNA ya Plasmodium falciparum ina A na T kwa asilimia 80 hivi, dhidi ya asilimia 59 hivi kwa binadamu, na A na T ndizo Hoechst inazozipenda. Kimelea kichanga, kile chenye umbo la pete, huonekana kama kichwa cha pini ya bluu ndani ya chembe ambayo yote ni giza, na kimelea kilichokomaa, kile kinachokaribia kuipasua chembe, huonekana kama fungu la nukta zinazoweza kuhesabiwa moja moja. Kwa kazi hiyo sioni sababu ya kutoa fedha kwa rangi ya nyekundu ya mbali.

Mitokondria: umbo au kazi?

Kwenye mitokondria swali la kuchagua hubadilika, kwa sababu rangi zilizopo hazipimi kitu kimoja ingawa picha zake hufanana sana. Utando wa ndani wa mitokondria hubeba volti, ndani kukiwa hasi kwa milivolti 150 hivi kulinganishwa na nje, na volti hiyo ndiyo inayoendesha utengenezaji wa ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Rangi yenye chaji chanya inayopenya utando huvutwa humo. Rhodamini 123 ilianza kutumika kwa njia hii mwaka 1980. Warithi wake, TMRM na TMRE, ndio wanaotawala sasa.

Hesabu ya TMRM inastahili kufanywa hatua kwa hatua, kwa kuwa ndani yake ndimo makosa yanamozaliwa. Tuseme umetia nanomola 20 ndani ya kimiminika, kwa nyuzi joto 37. Kila milivolti 61 hivi za tofauti huikusanya rangi mara kumi. Utando wa nje wa seli wenyewe una milivolti 60 hivi, kwa hiyo ndani ya seli rangi inakuwa karibu mara kumi ya iliyo nje. Utando wa mitokondria, kwa milivolti zake 150, huizidisha tena kwa zaidi ya mara 270. Ukizidisha yote utapata zaidi ya maikromola 50 ndani ya mitokondria, kutoka nanomola 20 ulizomimina kwa pipeti. Mambo mawili yanafuata. Kwanza, seli ambayo utando wake wa nje umepoteza volti itaonekana kana kwamba mitokondria yake imechoka, ilhali mitokondria ni nzima; anayelinganisha seli za aina mbili tofauti bila kulijua hili hutoa hitimisho la bure. Pili, ukimimina zaidi, kwa mfano nanomola 100 au 200, molekuli hubanana ndani kiasi cha kuzimana zenyewe kwa zenyewe, na hapo usomaji hugeuka juu chini: volti ikianguka, rangi hutawanyika, huacha kubanana, na mwanga huongezeka badala ya kupungua. Nimeona majedwali mawili ya jaribio lilelile yakipingana kwa sababu hii tu. Mtu mmoja alitumia nanomola 20, mwenzake 200, na kila mmoja alimwona mwenzake mzembe.

TMRM ina adabu nyingine inayoitofautisha. Haijifungi popote, kwa hiyo lazima ibaki katika kimiminika muda wote wa kupiga picha. Ukiosha sahani, rangi itaanza kutoka polepole na utasoma kushuka kwa volti ambako hakupo. Kutojifunga huko ndiko kunakoifaa kazi, kwani volti ikipanda au kushuka rangi nayo hufuata. Miongoni mwa ndugu zake ndiyo inayosumbua upumuaji wa mitokondria kwa kiasi kidogo zaidi, na kwa hiyo ndiyo ninayoichagua kwa kipimo chochote cha kazi. Mwisho wa kila jaribio hutiwa FCCP, sumu inayotoboa volti yote, ili kujua mwanga uliobaki ni kiasi gani; bila hatua hiyo namba za TMRM hazina sifuri yake.

MitoTracker Red CMXRos huingia kwa mlango uleule wa volti, ila ikishafika hujifunga kwa kemia na protini zenye salfa, na haitoki tena. Faida yake ni wazi: seli inaweza kukazwa kwa fomalini baadaye, ikatiwa kingamwili, na mitokondria ikabaki imepakwa. Kwa anayetaka umbo, yaani kama mitokondria ni nyuzi ndefu zilizoungana au ni vipande vifupi, hii ndiyo rangi. Lakini kuitumia kupima volti ni kama kutumia picha ya pasipoti kujua mtu ana homa leo: inaonyesha hali ya siku ilipopigwa. Tena si mpole. Ndugu yake, MitoTracker Orange, imeonyeshwa kuzuia hatua ya kwanza ya mnyororo wa upumuaji na kuifungua mitokondria ovyo inapozidi, kwa hiyo viwango vya hizi vinapaswa kubaki chini na muda kuwa mfupi, dakika 15 hadi 30, kisha kuosha.

MitoTracker Green FM hutangazwa kuwa haijali volti, na watu huitumia kupima wingi wa mitokondria. Nisingeweka uzito wa hitimisho lolote kwenye dai hilo peke yake, kwa kuwa rangi hii nayo ina chaji chanya na huhitaji volti ili iingie vizuri. Anayeitumia aifanyie kwanza jaribio la FCCP kwenye seli zake mwenyewe. JC-1, ile inayogeuka kutoka kijani kuwa nyekundu inapokusanyika, huvutia kwa picha, lakini haipendi maji, hujikusanya kuwa vipunje ndani ya kimiminika, na huchukua muda mrefu kutulia. Siitumii tena.

Penye asidi na penye nyuzi

Kwa lisosomu, vifuko vya asidi vinavyomeng'enya taka za seli, hakuna mengi ya kuchagua. LysoTracker, kama ile nyekundu ya DND-99, ni besi dhaifu: ikiwa nje haina chaji na hupita utando, ikiingia penye asidi ya pH 5 hivi au chini yake hupata chaji na kushindwa kutoka. Kwa kuwa ni besi, inavyozidi kujaa ndivyo inavyoipunguza asidi ileile iliyoivuta. Nanomola 50 hadi 75 kwa dakika 30 ni salama kiasi. Usiku mzima ni kuibadilisha lisosomu unayoitazama. Anayehitaji saa nyingi ni afadhali azilishe seli dekstrani, sukari ya mnyororo mrefu, iliyounganishwa na rangi, ziimeze zenyewe kwa njia yao ya kawaida, kisha asubiri ifike lisosomu.

Kwa mikrotubuli na aktini, nyuzi za protini zinazoishikilia seli umbo, SiR-tubulin na SiR-actin za mwaka 2014 zilileta picha ambazo zamani zilihitaji kuhariri jeni. Mvuto wake usifiche kilicho ndani: ya kwanza imejengwa juu ya docetaxel, dawa ya saratani inayozuia mikrotubuli kufumuka, na ya pili juu ya jasplakinolide, sumu ya sponji wa baharini inayofanya vivyo hivyo kwa aktini. Anayetumia kiwango kikubwa cha SiR-tubulin kupima kasi ya kufumuka kwa mikrotubuli anamwomba mtu asimame ili ampime mwendo. Kwa kuonyesha nyuzi zilipo, ni bora sana. Kwa kupima mienendo yake, zinafaa tu pale kiwango kinaposhuka hadi nyuzi zianze kuonekana hafifu, na hata hapo nataka ushahidi wa pili.

Wakati wa kuiacha rangi

Ulinganisho huu ungekuwa na upungufu kama nisingetaja mpinzani aliye nje ya chupa. Protini ya kijani inayong'aa, GFP, iligunduliwa na Osamu Shimomura mwaka 1962 ndani ya yavuyavu wa baharini aitwaye Aequorea victoria. Martin Chalfie aliionyesha mwaka 1994 ikifanya kazi ndani ya viumbe wengine, na hao wawili pamoja na Roger Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008. Seli iliyowekewa jeni la histoni H2B, protini inayofungashia DNA, lililounganishwa na GFP hujitia rangi kiini chake yenyewe, kizazi baada ya kizazi, bila kitu chochote kujipachika katika mfereji wa DNA. Kwa filamu za mgawanyiko ninaipendelea kuliko Hoechst na kuliko SiR-DNA.

Bei yake ni muda. Kupata kundi la seli zinazong'aa kwa kiwango sawa huchukua wiki kadhaa, na seli za mgonjwa, za neva zilizokomaa, au za kimelea kilichotolewa damuni jana haziwezi kusubiri wiki hizo. Rangi ya chupa huwa tayari baada ya nusu saa. Kati ya pande hizi mbili kuna njia ya kati, HaloTag na SNAP-tag, ambamo seli hutengeneza protini yenye kishikio na mtafiti huleta rangi inayoshika kishikio hicho pekee. Rangi inang'aa kuliko GFP na haishiki DNA wala dawa yoyote, ila kazi ya kuweka jeni inabaki palepale.

Kuzichanganya, na sahani za kulinganishia

Mara nyingi mtu anataka vitu viwili au vitatu kwa pamoja. SiR-DNA pamoja na TMRM huishi vizuri kwa sababu mianga yao imetengana na hakuna urujuanimno. Hoechst na MitoTracker Green huweza kukaa pamoja, lakini kuna mtego: Hoechst ikimulikwa sana kwa urujuanimno, baadhi ya molekuli zake hugeuka na kuanza kuamshwa na mwanga wa bluu na kutoa kijani, na hapo kiini huonekana katika picha ya kijani kana kwamba mitokondria imehamia humo. Dawa yake ni mpangilio: piga nyekundu kwanza, kijani kifuate, bluu ya Hoechst iwe ya mwisho. Kimiminika nacho kisiwe na fenoli nyekundu, ile inayokipa rangi ya waridi, kwa kuwa huongeza ukungu nyuma ya picha. Na kwa maabara zinazokatikiwa umeme, kila rangi iliyoyeyushwa katika kiyeyushi cha DMSO igawanywe siku ileile katika vijichupa vidogo vya matumizi ya mara moja. Chupa kubwa iliyoyeyuka na kuganda mara tano haina tena kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko, na mtumiaji wake hulaumu seli.

Rangi yoyote utakayochagua, andaa sahani nne za seli zilezile siku ileile: isiyo na rangi wala mwanga mkali, yenye rangi iliyokaa gizani, isiyo na rangi iliyomulikwa kama vile unavyopiga picha, na yenye vyote viwili. Kwa HeLa, tumia mwanga dhaifu wa kawaida wa hadubini, usioamsha rangi, kupima muda kutoka seli inapojikusanya hadi inapokuwa mbili. Ikiwa sahani ya kwanza inatumia saa moja na ya nne inatumia saa tatu, itazame ya pili na ya tatu. Ya pili ikikwama, kosa ni la kiwango cha rangi, nacho kipunguzwe hadi picha ianze kuwa na chengachenga. Ya tatu ikikwama, kosa ni la taa. Zote mbili zikiwa sawa na ni ya nne peke yake inayokwama, rangi na taa zinasaidiana kuua: anza kwa kupunguza mwanga, kisha ongeza muda kati ya picha moja na nyingine, na rangi iwe ya mwisho kuguswa.